Mtoto anapomlilia bibi au babu

Mmefika kijijini kwa likizo ya Desemba baada ya safari ya siku nzima. Bibi amekaa mlangoni tangu asubuhi akiwangoja. Ananyoosha mikono kumpokea mjukuu, na mtoto anapiga yowe na kujificha kifuani mwako. Mtu anasema, "Watoto wa mjini hawa!" Wengine wanacheka. Wewe unaona aibu, hasa kama huyo ni mama mkwe.

Usimlaumu mtoto, wala usijilaumu. Kuanzia miezi 6 hadi 8 hivi, mtoto huanza kutofautisha vizuri nyuso alizozizoea na za wageni. Woga huu huongezeka kuelekea mwisho wa mwaka wa kwanza, kisha kwa watoto wengi hupungua taratibu wanapofika miaka 2 au 3. Mtoto aliyebebwa na kila mtu akiwa na miezi 4, kisha akaanza kulia akiwa na miezi 9, hajaharibika. Amekua. Bibi aliyemwona mara ya mwisho akiwa mchanga ni mgeni kwake, hata kama wewe unampigia simu kila Jumapili.

Uzee nao una mambo yake yanayomshtua mtoto: mkongojo, meno yaliyong'oka, mikono inayotetemeka, harufu ya dawa ya kuchua, au sauti kubwa ya mtu ambaye masikio yake hayasikii vizuri. Babu aliyepata kiharusi anaweza kuwa na uso uliolegea upande mmoja. Watoto husoma nyuso, na uso usioweza kutabasamu wao huuona kama umekasirika.

Anza kabla ya safari. Mpigie bibi umwambie: "Mama, siku hizi mtoto analia akiona watu asiowazoea, hata majirani. Akikulilia usijisikie vibaya, tumpe muda." Maneno haya machache huzuia manung'uniko mengi. Mzee anayekataliwa na mjukuu mbele za watu huumia, na mara nyingi hatasema.

Mkifika, baki na mtoto mapajani, keti karibu na bibi, mzungumze na kucheka. Mtoto asiye na uhakika hutazama uso wa mama yake ili ajue kama mahali ni salama. Ukikaza uso kwa wasiwasi, naye ataogopa. Mwombe bibi asimkazie macho wala kumvuta, ila afanye kazi ndogo ya kuvutia macho, kama kupukuchua mahindi au kuchambua mchele. Ni nadra mtoto kuona punje zinadondoka kwenye ungo asitake kuzishika. Atasogea mwenyewe. Huenda ikachukua saa moja, huenda siku 3.

Usimwachie mtu mtoto anayelia kisha ukatoroka "ili azoee". Anachojifunza hapo ni kwamba akikaribia bibi, mama hupotea. Na tuache kabisa ile tabia ya kusema, "Nyamaza, babu huyo anakuja kukuchukua!" Tukimfanya babu kuwa zimwi mwaka mzima, tusishangae Desemba.

Kuhusu salamu, mtoto wa miaka 3 anayeona haya anaweza kusimama nyuma yako huku wewe ukisema "shikamoo" kwa niaba yake. Heshima atajifunza kwa kukusikia. Kumkumbatia mtu si lazima. Kumpa mkono au kumpelekea kikombe cha chai ambayo si ya moto kunatosha kwa kuanzia.

Mtoto anayeelewa maneno aelezwe ugonjwa kwa lugha nyepesi: "Babu aliugua, mkono na mdomo vikakosa nguvu. Huwezi kuambukizwa. Ukizungumza anakusikia." Kama babu amepoteza kumbukumbu: "Babu husahau. Akikuita jina la baba, hajakukasirikia." Lakini mzee mwenye hali hiyo akiwa anapandwa na hasira ghafla, asiachwe peke yake na mtoto.

Woga ukiisha, hatari nyingine huanza: mtoto sasa anaingia chumbani kwa bibi na kupekua chini ya mto. Vidonge vya kisukari au vya presha vya mtu mzima, hata kimoja, vinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo. Dawa ziwekwe juu, kwenye kisanduku kinachofungwa. Akimeza, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, beba pakiti ya dawa hiyo, na usimtapishe. Vilevile, mzee yeyote anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu, maana watoto wadogo huugua vibaya wakiambukizwa.

Kuna woga usio wa kuchekwa. Mtoto aliyekuwa amezoea ndugu fulani, kisha ghafla akakataa kubaki naye, akaanza kukojoa kitandani au kulia anapovuliwa nguo, asilazimishwe kwenda kwa mtu huyo, hata awe mzee anayeheshimika namna gani. Muulize kwa upole, ukiwa naye peke yenu, na umwamini akisema. Mpeleke kituo cha afya, mwone ofisa ustawi wa jamii, au piga simu 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto Tanzania na Kenya.