Ukungu wa Alfajiri Kwenye Mirihi

Mwaka 1976 chombo cha Marekani, Viking 1, kikiwa kinaizunguka Mirihi, kilipiga picha mbili za eneo lilelile, moja nusu saa baada ya nyingine. Katika ya kwanza jua ndiyo kwanza linachomoza. Katika ya pili, mashimo na mabonde yamejaa weupe ambao haukuwapo. Joto dogo la asubuhi lilikuwa limeutoa mvuke ardhini. Ukapanda kidogo tu, ukakuta hewa yenye baridi kali, ukaganda.

Mimi niliyefanya kazi ya kupima hali ya hewa, nikiandika ukungu daftarini kabla hapajakucha, nazithamini picha hizo mbili kuliko makorongo yote makavu ya Mirihi. Makorongo yanasimulia maji yaliyokwisha kwenda. Ukungu ni maji yanayotembea hadi leo.

Viking 2, iliyotua Septemba mwaka huohuo kwenye tambarare ya Utopia, iliona sakitu juu ya mawe na udongo mwekundu wakati wa majira ya baridi, nyembamba kuliko unywele. Kisha ikawa kungoja, hadi chombo kingine, Phoenix, kilipotua mbali kaskazini mwa Mirihi tarehe 25 Mei 2008.

Wengi huikumbuka Phoenix kwa koleo lake. Lilifukua udongo sentimita chache, likafikia barafu, na vipande vyeupe vya ukubwa wa dadu vikatoweka katika siku nne. Havikuacha tone, kwa sababu kanieneo ya hewa ya huko haifiki hata asilimia 1 ya ile ya kwetu pwani. Barafu hugeuka mvuke moja kwa moja.

Lakini heshima kubwa zaidi nawapa Wakanada na kifaa chao cha leza kilichokuwa juu ya Phoenix. Kilirusha mapigo ya mwanga juu, kikapokea ule uliorudishwa na vumbi na chembe za barafu, na muda wa kurudi ukaonyesha kimo cha chembe hizo. Jim Whiteway wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, na wenzake wakausoma mwendo mzima. Mchana, hewa iliyopashwa joto na ardhi hupanda na kukoroga vumbi na mvuke hadi kilomita 4 hivi. Majira ya joto yalipoelekea ukingoni na usiku kuanza kupoa, mawingu ya barafu yalitokea kwenye kimo hicho na mengine yakatanda karibu na ardhi. Kutoka mawinguni zilionekana fuwele zikishuka kwa michirizi. Theluji, kwenye Mirihi!

Kile ambacho mchana ulikipandisha, usiku ulianza kukirudisha. Hata barafu iliyo chini ya udongo haiwezi kuelezwa bila kuihesabu hewa iliyo juu yake.

Phoenix ilinyamaza Novemba 2008, jua lilipozidi kupungua. Tangu 2012 gari la utafiti, Curiosity, limekuwa likipima unyevu karibu na ikweta ya Mirihi, kwa vihisio vilivyotengenezwa na Taasisi ya Hali ya Hewa ya Finland, na vipimo hivyo hupanda zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri.