Kabla ya kumtafuta mkuu wa chuo, itazameni kamati

Muhula wa mkuu wa chuo ukikaribia kwisha, vibarazani huulizwa swali moja tu: "Atapewa nani?" Majina huanza kutajwa, kila mtu na lake. Huyu ni msomi, yule ana watu wake Nairobi, yule mwengine ni mwana wa kwetu. Mimi naona swali hilo laja kabla ya wakati wake. Kwanza tungeuliza: watakaochagua ni kina nani, wameteuliwa na nani, na wamepewa kazi gani hasa? Ukishalijua hilo, mara nyingi waweza kukisia jina kabla halijatangazwa.

Leo nataka kueleza jinsi kamati ya kumtafuta mkuu wa chuo inavyoundwa, na mambo yanavyoharibika ikiundwa vibaya. Mfano wangu mkubwa watoka mbali, Chuo Kikuu cha Gallaudet mjini Washington, Marekani. Nimeuchagua kwa sababu chuo hicho kiliteua rais mara mbili, mwaka 1988 na mwaka 2006, na mara zote mbili uteuzi ukavunjika kwa maandamano. Sababu za mara ya kwanza hazikuwa sawa na za mara ya pili, na hapo ndipo penye faida kwetu watu wa Pwani.

Nani humteua nani

Kule Marekani mkuu wa chuo huitwa rais. Mwajiri wake ni bodi ya wadhamini. Kiti kikiwa wazi, bodi huunda kamati ya utafutaji. Kamati hutangaza nafasi, hupokea maombi, huchuja, huhoji, kisha hupeleka majina machache kwa bodi. Kamati hupendekeza, bodi ndiyo huamua. Tofauti hiyo ni kubwa, na wengi huisahau.

Mwaka 1966 chama cha wahadhiri wa vyuo vya Marekani, AAUP, kilitoa tamko juu ya uongozi wa vyuo. Katika suala hili lilisema kwamba rais atafutwe kwa ushirikiano wa bodi na wahadhiri, na maoni ya wengine wanaohusika yazingatiwe. Tamko hilo si sheria ya nchi, lakini limekuwa kipimo ambacho watu hukirejelea kila ugomvi unapozuka.

Huku kwetu cheo kinacholingana na hicho ni naibu chansela, na chombo kilicho juu yake ni Baraza la chuo. Vyuo vikuu vya umma, kama Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vinaongozwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Havina ruhusa ya kujitungia utaratibu wao. Vyuo vya binafsi, vyuo vya kidini na madrasa kubwa vina nafasi pana zaidi ya kujipangia, na huko ndiko mwananchi wa kawaida anakoweza kujikuta ameitwa kukaa kwenye kamati.

Mwaka 1988: kamati isiyowajua wenye chuo

Gallaudet ni chuo cha viziwi. Kilipewa idhini ya kutoa digrii mwaka 1864, na sheria hiyo ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln. Kwa miaka 124 baada ya hapo, hakuna kiziwi hata mmoja aliyewahi kuwa rais wake. Wote walikuwa watu wanaosikia.

Rais aliyekuwepo alipoondoka, utafutaji ukaanza, na mwisho wakabaki watu watatu. Wawili walikuwa viziwi: I. King Jordan, aliyekuwa mkuu wa kitivo hapo hapo chuoni, na Harvey Corson, aliyekuwa akiongoza shule ya viziwi katika jimbo la Louisiana. Wa tatu alikuwa Elisabeth Zinser, msimamizi wa masomo katika chuo kikuu kimoja cha North Carolina. Alikuwa mtu mwenye uzoefu wa utawala, lakini hakuijua lugha ya ishara.

Siku chache kabla ya uamuzi, wanafunzi na wahitimu walifanya mkutano mkubwa wa kudai rais kiziwi. Wanasiasa wa vyama vyote viwili wakaandika barua za kuunga mkono. Lakini bodi iliyokuwa na neno la mwisho ilikuwa na wajumbe 21, na viziwi kati yao walikuwa wanne tu. Tarehe 6 Machi 1988 ikamteua Zinser.

Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watu 17 kati ya 21 hawakuwahi kulala kitanda hicho. Sisemi walikuwa watu wabaya. Walipima kile walichokijua, yaani hesabu za fedha na uzoefu wa ofisi. Hawakuona uzito wa mkuu wa chuo ambaye hawezi kuzungumza na mwanafunzi wake bila mkalimani.

Usiku huo huo wanafunzi waliingia barabarani. Kesho yake wakafunga milango ya chuo. Walikuwa na madai manne: Zinser ajiuzulu, mwenyekiti wa bodi, Jane Spilman, ajiuzulu, viziwi wawe angalau asilimia 51 ya bodi, na asiadhibiwe mtu yeyote kwa kuandamana. Tarehe 10 Machi Zinser alijiuzulu. Tarehe 13 Machi bodi ikakubali yaliyobaki. Spilman akaondoka, Philip Bravin, ambaye ni kiziwi, akawa mwenyekiti, na King Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi wa chuo hicho.

Tazama madai hayo vizuri. Dai la kwanza lamhusu mtu mmoja. Dai la tatu lahusu wanaochagua, na hilo ndilo lililobaki likifanya kazi baada ya wiki ile kupita. Vijana wale walielewa kwamba wakipewa rais wanayemtaka na bodi ikabaki vile vile, uteuzi ujao ungewarudisha pale pale.

Mwaka 2006: alikuwa wao, na bado wakamkataa

Jordan alikaa hadi mwisho wa mwaka 2006. Kabla hajaondoka, bodi ilimteua Jane Fernandes, aliyekuwa msimamizi mkuu wa masomo chuoni. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Kwa hesabu ya vibarazani, mambo yalikuwa yamekwisha: mwana wa kwetu kapata kiti.

Haikuwa hivyo. Maandamano yalianza mwezi Mei, siku ile ile jina lilipotangazwa, yakarudi kwa nguvu mwezi Oktoba. Chuo kilifungwa kwa siku kadhaa na polisi wakawakamata zaidi ya waandamanaji 100. Wahadhiri wakapiga kura ya kutokuwa na imani naye. Fernandes na baadhi ya waliomuunga mkono walisema anakataliwa kwa kuonekana si kiziwi wa kutosha, kwa kuwa alijifunza lugha ya ishara ukubwani. Wapinzani wakajibu kwamba shida yao ni namna anavyoongoza na namna alivyoteuliwa. Walilalamika pia kuwa kati ya watu watatu waliofika mwisho hakukuwa na mweusi hata mmoja. Tarehe 29 Oktoba bodi ikaufuta uteuzi wake kabla hajakalia kiti.

Yaliyotokea miaka hiyo miwili yataka kusomwa pamoja. Mara ya kwanza wenye chuo waliachwa nje ya chumba cha maamuzi. Mara ya pili waliokuwa chumbani walifanana nao, lakini walio nje hawakuiamini njia iliyotumika. Kufanana na watu ni jambo moja, na kuaminiwa nao ni jambo jengine.

Na sisi na "mwana wa kwetu" wetu

Kenya twayajua haya. Mwezi Septemba 2016, magavana wawili wa Bonde la Ufa waliongoza maandamano hadi Chuo Kikuu cha Moi, wakipinga kaimu naibu chansela kwa kuwa si mtu wa eneo hilo. Nchi nzima ililaani. Lakini tuseme kweli, maneno kama yale husemwa Pwani pia, kwa sauti ya chini zaidi.

Wako watakaosema, si ndivyo walivyofanya vijana wa Gallaudet? Mimi nasema hapana. Kule lugha ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Rais wa chuo cha viziwi asiyejua ishara anakosa kifaa cha kazi. Lakini naibu chansela aliyezaliwa Vihiga au Machakos hakosi kifaa chochote cha kuongoza chuo kilichoko Kilifi, akiwa ni mwadilifu na anaijua kazi.

Hata hivyo, malalamiko ya Pwani si ya kuchekwa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama MIOME, taasisi iliyojengwa kwa ajili ya elimu ya ufundi ya Waislamu, na wazee wetu wengi walisoma hapo. Mtu akikiona chuo kama hicho kikiamuliwa na watu asiowajua, moyo humuuma. Katiba nayo, katika Kifungu cha 232, yataka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na sifa, na pia uwakilishi wa jamii mbalimbali za Kenya. Yote mawili yameandikwa, na hakuna ruhusa ya kushika moja na kutupa jengine.

Mahali pa kudai uwakilishi huo ni pale Baraza na kamati zinapoundwa, na pale sifa za anayetafutwa zinapoandikwa. Tukitaka mkuu anayeelewa uvuvi, bandari, utalii na hali ya mwanafunzi anayetoka Tana River au visiwa vya Lamu, basi yaandikwe hivyo katika tangazo la kazi, na mezani pawe na mtu anayejua kuuliza maswali hayo. Kungoja jina litoke ndipo tupige kelele ni kuchelewa.

Kamati nzuri huundwaje

Haya yafuatayo nayatoa kwa yeyote atakayeitwa kwenye kazi hii, iwe ni chuo cha ufundi, chuo cha ualimu au chuo cha dini. Katika chuo cha umma, sheria huja kwanza.

1. Waraka wa kazi uandikwe kabla ya wajumbe kuteuliwa. Useme kama kamati inapendekeza au inaamua, italeta majina mangapi, na mwisho wa kazi ni lini. Ugomvi mwingi huzaliwa pale kamati inapodhani inachagua, kumbe inashauri.

2. Wajumbe wasiwe wengi kupita kiasi. Naona watu 9 hadi 13 watosha. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndani yao wawemo wajumbe wa bodi, wahadhiri, wafanyakazi wasio wahadhiri, wanafunzi, wahitimu na mtu wa jamii inayokizunguka chuo. Wanawake wasiwekwe wa kupamba meza.

3. Wahadhiri na wanafunzi wajichagulie wawakilishi wao. Mwanafunzi aliyeteuliwa na ofisi ya mkuu huiwakilisha ofisi hiyo. Na mwakilishi akishakaa, afikirie chuo kizima, si idara yake pekee.

4. Kila mjumbe atangaze uhusiano wake na waombaji, iwe ni udugu, ukwe, biashara au deni. Akiwa na uhusiano wa karibu, atoke. Kaimu mkuu akitaka kuomba kazi, asiwe na mkono wowote katika kamati wala katika maandalizi yake.

5. Sifa zikubaliwe na ziandikwe kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa. Kuzibadilisha baada ya kuona majina ni kumshonea mtu kanzu kwa kipimo chake.

6. Siri iwe na mpaka. Waombaji wa mwanzo wana kazi zao mahali pengine, hivyo majina yao yafichwe. Lakini waliofika mwisho wajulikane, waje chuoni, wahojiwe na wahadhiri na wanafunzi hadharani, na maoni hayo yaandikwe.

7. Kamati ikabidhi ripoti yenye sababu. Bodi ikiamua tofauti na mapendekezo, nayo itoe sababu kwa maandishi. Kumbukumbu za vikao zihifadhiwe, maana mahakamani ndizo zitakazosema.

Kuna watakaosema yote haya ni ghali na yachukua muda. Ni kweli. Lakini hesabu gharama ya upande wa pili: chuo kufungwa, mitihani kuahirishwa, kesi kuvutwa miezi na miezi, na mkuu mpya kuingia ofisini akiwa na nusu ya wahadhiri wasiomsalimia. Anayelipa ni mzazi aliyeuza mbuzi au aliyechukua mkopo ili mwanawe amalize kwa wakati.

Tangazo la nafasi ya mkuu wa chuo likitokea tena gazetini, usikimbilie kuuliza nani kaomba. Waulize wajumbe wa Baraza ni kina nani, wahadhiri na wanafunzi wamewakilishwa na nani, na sifa zimeandikwa wapi. Ukinyimwa majibu, hapo ndipo pa kuandika barua, na uiandike mapema, kabla jina halijatoka.