Saitokini: kijumbe cha kinga na baka la mbalanga

Kazimia, kwenye mwambao wa Fizi wa Ziwa Tanganyika, mtu akitokwa na baka jeupe mkononi au pembeni mwa mdomo, maneno humfikia kabla ya dawa. Wapo watakaosema ukoma, wapo watakaosema karogwa. Akifika kwa daktari akaambiwa ana “ugonjwa wa kinga”, anarudi nyumbani na mzigo wa pili, kwa sababu katika Kiswahili chetu neno kinga limezoea kuandamana na neno upungufu. Waliomsindikiza wanasikia sida, yaani UKIMWI.

Hapo ndipo istilahi moja inapohitajika: saitokini. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1974 na Stanley Cohen na wenzake, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la seli na la mwendo. Saitokini ni protini ndogo inayotolewa na seli moja, ikapokelewa na seli nyingine, na hiyo iliyopokea ikabadili mwenendo wake.

Tuiiteje? Askari haifai, maana askari ni seli zenyewe. Homoni nayo imekwisha chukuliwa, na kwa kawaida homoni husafiri mbali katika damu, ilhali saitokini nyingi hufanya kazi jirani. Mimi nachagua kijumbe cha kinga. Pwani, kijumbe ndiye mshenga wa posa, tena ndiye anayekusanya fedha za upatu na kuzifikisha kwa mwenye zamu. Hapigani wala haoi, lakini bila yeye hakuna kinachotendeka. Saitokini ibaki kuwa jina la kitabuni; kijumbe liwe neno la kumweleza mgonjwa.

Sasa tulijaribu neno hilo kwenye mbalanga, ambayo madaktari huiita vitiligo. Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Katika mbalanga, askari wa mwili, yaani seli T, huziona kama adui. Wakizifikia, hutoa kijumbe kiitwacho intaferoni gama. Seli za kawaida za ngozi hukipokea kijumbe hicho, nazo hutoa vijumbe vingine vya jamii ya kemokini, hasa CXCL10, ambavyo kazi yake ni kuita.

Mvuvi wa Kazimia anaijua kazi hiyo. Usiku wa giza huwasha taa juu ya maji, na ndakala husogea kwenye mwanga. CXCL10 ndiyo taa: seli T zaidi hufuata, huua melanosaiti zaidi, hutoa intaferoni zaidi, na taa huzidi kuwaka. Ndiyo maana baka hupanuka. Kuna na kijumbe kingine, interlukini 15, kinachowalisha askari waliobaki ngozini. Kwa hiyo rangi ikirudi, baka laweza kuzuka tena palepale.

Ukishaielewa taa, unaielewa dawa. Krimu ya ruxolitinib, iliyoidhinishwa Marekani Julai 2022 kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi, haiui seli yoyote. Huzuia ujumbe wa intaferoni usifike ndani ya seli ya ngozi, taa ikafifia. Bei yake ni kubwa mno kwa mvuvi, na hilo linaniuma. Lakini maelezo hayana bei.

Ukoma nao usipuuzwe. Baka la ukoma mara nyingi hupoteza hisia. Mguse mgonjwa kwa pamba akiwa amefumba macho. Baka la mbalanga huhisi kama ngozi nyingine, ila huungua upesi juani, kwa hiyo nguo ya mikono mirefu na kofia ni muhimu kwa anayeshinda mtumbwini.

Wauguzi wa Fizi na Baraka, msimwambie mtu huyu kwamba kinga yake imepungua. Mwambieni kinga anayo, ila vijumbe vyake vimeita askari mahali pasipo na adui. Na ninyi mnaoishi naye, kuleni naye sahani moja: mbalanga haiambukizi.