Sifa za Kanumba na Mtazamaji wa Kidatu: Hoja ya Uhakiki Uliokosekana

Zaidi ya miaka kumi imepita tangu Steven Kanumba afariki, na ubishi juu yake bado uko palepale. Wapo wanaomwita mwigizaji bora kuliko wote waliowahi kutokea katika Bongo Movie. Wapo pia, hasa vyuoni, wanaosema sifa zile zilikuwa kelele za mashabiki, na kwamba kifo cha ghafla cha kijana wa miaka 28 ndicho kilichozikuza. Makala haya yanashikilia kwamba Kanumba alistahili kusifiwa, ila si kwa yale aliyosifiwa. Alisifiwa kwa kufika Lagos na kuitwa “The Great”. Sifa yake halisi iko katika kazi ndogo, ya sebuleni, aliyoifanya mbele ya kamera akiwa na watoto wawili.

Naipima hoja hii kutokea Kidatu, katika bonde la Kilombero, kwa sababu mahususi. Mji huu umekuzwa na miwa na umeme: mashamba na viwanda vya sukari vya Kilombero tangu miaka ya 1960, na kituo cha umeme cha mto Ruaha Mkuu kilichoanza kuzalisha mwaka 1975 na ambacho leo kina uwezo wa megawati 204. Kazi hizo zimekusanya watu wa kila upande. Ukiingia kwenye banda la video la Kidatu, Mkamba au Ruaha msimu wa miwa, utakuta Mndamba amekaa ubao mmoja na Mpogoro, Mhehe, Mngoni na Mnyakyusa. Kinachowaunganisha ni Kiswahili tu. Mtazamaji wa namna hii hana sababu ya kumpendelea msanii wa kwao, kwa kuwa kwao ni kwingi. Anachotaka ni kuelewa na kuguswa.

Banda lenyewe halina makuu: mabati, mbao za kukalia, kitambaa cheusi dirishani, na ubao wa chaki nje wenye majina ya filamu za mchana na mechi ya usiku. Humo ndani hakuna adabu ya kunyamaza. Watu wanamjibu mwigizaji, wanamwonya, wanamtukana mama mkwe. Mwigizaji akiboronga, hawasubiri aimalize filamu, utasikia “weka nyingine!” kutoka nyuma, na mwenye banda anatii maana hela ni yao. Wahakiki wetu wameupuuza uamuzi huu kwa sababu hauandikwi, lakini ni uamuzi mkali kuliko wa majopo mengi ya tuzo.

Umaarufu wa mwigizaji wa filamu si jambo geni nchini. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, filamu iliyotengenezwa chini ya serikali ya kikoloni kwa lengo la kuwafunza watu. Kwa miongo mingi baadaye mwigizaji aliendelea kupimwa kwa funzo alilobeba, na kipimo hicho tumekirithi bila kukihoji. Kanumba alitoka mahali pengine kabisa. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akapitia Kaole Sanaa Group na michezo ya runinga, akaingia kwenye filamu za video zilizokuwa zikipigwa kwa siku chache, kwa kamera moja, mara nyingi bila mswada kamili. Waigizaji walipewa kisa, wakajitungia maneno. Kisha filamu ikakatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili iuzwe kwa CD mbili. Mazungumzo yakarefushwa hata pale ambapo hapakuwa na la kusemwa. Anayemhukumu Kanumba bila kuyataja mazingira haya anamhukumu mtu mwingine.

Shutuma nzito zaidi dhidi yake ni kwamba aliwaiga Wanijeria. Kuna ukweli ndani yake. Filamu ya Dar to Lagos ilimkutanisha na Mercy Johnson, na Devil Kingdom ikamleta Ramsey Nouah. Majumba makubwa, suti, uchawi, majina ya Kiingereza, vyote vinanukia Nollywood. Lakini tukumbuke mtazamaji wa mabanda alikuwa anaangalia nini kabla ya hapo. Alikuwa anaangalia filamu za Nigeria, India na Hong Kong akisubiri mtu wa kumtafsiria. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijijengea jina kubwa kwa kazi hiyo ya kusimulia juu ya sauti za wengine. Kanumba na wenzake wa kizazi kile, kina Ray na Johari, walimwondolea mtazamaji haja ya mkalimani. Waliazima umbo la filamu, ila uso na ulimi vikawa vya hapa. Hilo ni tendo la kisanaa, na si dogo.

Ndiyo maana naona Kanumba alipotea kila alipolikimbia. Alipoigiza kwa Kiingereza mwili wake uliganda, macho yakawa yanatafuta neno linalofuata badala ya kumtafuta mwenzake. Mwaka 2009 alipoalikwa katika jumba la Big Brother Africa, wengi nyumbani walimcheka kwa Kiingereza chake. Kicheko kile kilikuwa cha ukatili na cha kipumbavu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amempenda kwa Kiingereza. Hata hivyo kilimsukuma kuzidi kujithibitisha upande uleule ambao haukuwa wake.

Mtazame sasa katika Uncle JJ na This Is It, akiwa na Hanifa Daudi na Othman Njaidi, wale Jennifer na Patrick ambao nchi nzima iliwajua. Kuigiza na mtoto ni mtihani, kwani mtoto hafuati mpango na humnyang'anya mkubwa tukio zima asipoangalia. Kanumba anawaachia walinyang'anye. Anashusha mabega, anasikiliza hadi mwisho, anakawia kidogo kujibu, na katika kukawia huko ndipo kicheko kinapozaliwa. Bila mswada kamili, ule ni usikivu wa hali ya juu. Wengi wa rika lake walijua kulia mbele ya kamera, naye pia alilia sana, pengine kupita kiasi. Wachache walijua kumpisha mwenzao.

Je, kifo ndicho kilichomkuza? Tarehe 10 Aprili 2012 maelfu walifurika viwanja vya Leaders, Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal akiwemo, kabla ya maziko ya Kinondoni. Umati ule haukuundwa na msiba. Ulikuwa umeshajengeka mabandani miaka kadhaa kabla. Msiba uliuonyesha tu.

Tatizo la uhakiki uliokosekana limehamia sasa upande wa pili. Filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la Carthage. Waigizaji wake Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika wamesifiwa ugenini, nami nakubali walistahili. Lakini mabanda ya bonde la Kilombero hayakuzungumza juu yao kama yalivyozungumza juu ya Jennifer na Patrick. Kanumba alipata watazamaji bila wahakiki. Hawa wamepata wahakiki bila watazamaji wa Kidatu. Pande zote mbili zimekosa kitu kilekile, yaani uhakiki wa Kiswahili unaotaja tukio, unaonyesha mwigizaji alifanya nini na mwili na sauti yake, na unasema wazi pale aliposhindwa.

Tunavyo vitivo vya sanaa vyuoni, tunayo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), tunao wanafunzi wanaoandika tasnifu kila mwaka. Nawaomba wahariri wa majarida yetu watenge kurasa za mapitio ya filamu kama wanavyotenga za vitabu, na waanze na Uncle JJ.