Sultani al-Hasan bin Suleiman wa Kilwa

Katika karne ya 14, Kilwa Kisiwani ilitawaliwa na Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa, na utajiri wake ukaujenga mji. Ndipo lilipojengwa jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Sarafu ya shaba yenye jina la Sultani huyo imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa. Anasimulia kwamba fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba Sultani mavazi aliyoyavaa, naye akampa. Mwana wa Sultani akayakomboa kwa watumwa 10. Sultani akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msafiri huyo aeleza pia kwamba Sultani aliishambulia mara kwa mara nchi ya Wazanji na kuchukua nyara.

Hapo ndipo sisi tukaao Kikuyu, Dodoma, katikati ya bara, hatuna budi kutafakari. Husuni Kubwa ni urithi wa Watanzania wote, nasi twajivunia ufundi wa walioijenga. Lakini katika ukarimu ule uliosifiwa walikuwamo watu 20 ambao majina yao hayakuandikwa. Mwalimu afundishaye habari za Kilwa na ayataje yote mawili: jumba la mfalme, na watu waliotolewa kuwa zawadi.