Sekunde Mbili za Dubu: Bastola, Pilipili na Mtembea Nyikani

Jioni ya tarehe 28 Mei 2010, mwanamume na mwanamke waliokuwa wakitembea katika Hifadhi ya Taifa ya Denali, Alaska, walisikia vichaka vikichakacha. Mwanamume alichomoa bastola. Dubu alipotokeza na kumkimbilia mwanamke, alifyatua risasi zipatazo tisa. Mnyama aligeuka akarudi kichakani, na kesho yake akakutwa amekufa mita kama 30 tu kutoka pale alipopigwa.

Miezi michache kabla ya hapo bastola ile isingeruhusiwa kuingia eneo hilo. Sheria iliyoanza kutumika Marekani tarehe 22 Februari 2010 ndiyo iliyofungua mlango: mtu akaruhusiwa kubeba silaha katika hifadhi za taifa, mradi afuate sheria za jimbo husika. Kuifyatua ndani ya hifadhi kulibaki marufuku. Ni kama kumruhusu mkulima aingie shambani na jembe kwa sharti kwamba asilime, na mgongano huo haujamalizwa hadi leo.

Tangu hapo watembea nyika wa Amerika Kaskazini wamekuwa wakibishana kipi kina nguvu zaidi mbele ya dubu, risasi au kopo la dawa ya pilipili. Makala haya yanashikilia kwamba ubishi huo umeanzia mahali pasipofaa. Nguvu ya silaha ni jambo la mwisho kuhesabiwa. Kabla yake yapo mambo mawili: muda alionao mtu, na mkono unaoishika silaha hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki anamjua dubu kwa vitabu na picha tu. Dubu wa mwisho wa bara hili, wa milima ya Atlas huko kaskazini, alitoweka katika karne ya 19. Hivyo inafaa kutaja jambo moja la mwili wake. Grizli, yaani dubu wa kahawia wa bara la Amerika, anaweza kukimbia hadi kilomita 56 kwa saa. Akianza mbio akiwa umbali wa mita 30, anamfikia mtu kwa sekunde mbili hivi. Katika muda huo mtembeaji atambue kinachokuja, atoe silaha, aondoe kizuizi cha usalama, alenge shabaha inayorukaruka juu ya mawe, na apige mahali patakaposimamisha mnyama wa mamia ya kilo. Mgongoni ana mzigo, na moyo wake unapiga ngoma.

Takwimu zinazorudiwa sana katika mjadala huu zimetoka kwa watafiti Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao. Mwaka 2008 walichapisha uchambuzi wa matukio 83 ya Alaska, kati ya 1985 na 2006, ambamo dawa ya pilipili ilitumika. Ilizuia tabia isiyotakiwa ya dubu wa kahawia kwa asilimia 92, na ya dubu weusi kwa asilimia 90. Watu watatu tu walijeruhiwa, na hakuna aliyelazwa hospitali. Mwaka 2012 watafiti hao walirudi na matukio 269 ya bunduki, tangu 1883 hadi 2009, yakihusu watu 444 na dubu 357. Bastola zilifaulu kwa asilimia 84, na bunduki ndefu kwa asilimia 76.

Hapo ndipo wengi hufunga daftari: 92 inaizidi 84, shauri limekwisha. Haraka hiyo ina kasoro. Baadhi ya dubu waliopulizwa pilipili walikuwa wadadisi tu, au walivutwa na harufu ya chakula. Hawakuwa katika mashambulizi ya kweli. Matukio ya bunduki nayo yalitokana kwa kiasi kikubwa na kumbukumbu za mikasa, na mkasa ndio unaoripotiwa. Anayemfukuza dubu kwa risasi moja hewani hurudi kambini akapika chai, asimwambie mtu. Kulinganisha asilimia hizo ana kwa ana ni kupima maji kwa kibaba na nguo kwa pima, kisha kuuliza kipi ni kingi.

Lakini uchambuzi wa 2012 una jambo jingine lisilotegemea ulinganisho huo. Watafiti walitenga matukio 229 ambamo waliobeba silaha walizitumia, na matukio 40 ambamo hawakuzitumia. Kwa kipimo cha takwimu, hawakuona tofauti katika matokeo: waliopona, waliojeruhiwa na waliokufa walilingana. Sababu za kushindwa zilikuwa za kawaida kabisa. Muda haukutosha. Kizuizi cha usalama hakikuondolewa. Risasi zilikosa shabaha, au ziliisha.

Mkasa wa Septemba 2018 huko Wyoming, Marekani, unaonyesha hayo kwa uchungu. Mwongoza wawindaji na mteja wake walikuwa wakikatakata elki, mnyama wa jamii ya kulungu, aliyepigwa siku iliyotangulia. Bastola ilikuwa pamoja na mizigo, hatua kadhaa kutoka walipokuwa. Kopo la pilipili lilikuwa kiunoni mwa mwongozaji. Grizli wawili walitokea. Mteja aliikimbilia bastola, akaishika, akashindwa kuifyatua, akamrushia mwenzake, nayo ikaanguka kabla ya kumfikia. Mwongozaji aliuawa. Kati ya watu wawili hao, aliyeijua silaha hakuwa nayo mkononi, na aliyekuwa nayo hakuijua.

Wanaotetea bastola wana haki ya kujibu kwa Banff. Mwishoni mwa Septemba 2023, katika hifadhi hiyo ya Kanada ambako mtembeaji haruhusiwi kubeba bunduki, wenzi wenye uzoefu mkubwa wa nyika waliuawa na grizli pamoja na mbwa wao. Kopo lao lilikutwa tupu. Pilipili, basi, si hirizi. Hushindwa na upepo, hushindwa na umbali, na dubu mzee mwenye njaa huenda asiijali. Faida yake ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai, ila ni ya kweli: hutoa wingu pana linalofika mita tisa hivi, kwa hiyo halihitaji mlenga shabaha, na anayekosea hamuui mwenzake. Wakulima wanaoishi kandokando ya hifadhi za Tanzania, wanaozungushia mashamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu ili kuwazuia tembo, wanaijua hekima hiyo bila kusoma jarida lolote.

Je, pana mahali ambapo bunduki ndiyo jibu? Papo: Svalbard, visiwa vya Norwei karibu na ncha ya kaskazini. Huko anayetoka nje ya makazi hulazimika kuwa na njia ya kumtisha dubu mweupe, na gavana anapendekeza pia silaha ya moto. Mazingira yenyewe yanaitetea kanuni hiyo. Ardhi ni wazi, mnyama huonekana kwa mbali, upepo hauna adabu, na dubu mweupe humwona binadamu kama windo, tofauti na grizli anayeshambulia zaidi kwa kushtushwa au kwa kulinda watoto na mzoga. Hata hivyo Agosti 2011, kikundi cha vijana wa Uingereza kilipovamiwa hemani huko huko, bunduki ya kiongozi iligoma kulipuka mara kadhaa. Kijana wa miaka 17 aliuawa, na dubu akapigwa baadaye.

Kinachojitokeza Svalbard, zaidi ya bunduki yenyewe, ni mlinzi. Watalii wengi huko hutembea na mwongozaji ambaye kazi yake ni kutazama upeo wa macho na kuijua silaha yake. Ndivyo ilivyo pia katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha: wapanda Mlima Meru hufuatana na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Mgeni habebi kitu, na hakuna anayeona kapunguziwa uhuru. Silaha ya nyikani huwa na maana inapokuwa kazi ya mtu fulani, aliyefunzwa, mwenye jukumu la kutofyatua. Inapogeuzwa kipande cha mizigo, pamoja na hema na sufuria, huongeza uzito na kumpa mbebaji ujasiri asiostahili. Akishajiona salama, huacha kupiga kelele anapopita vichakani na kusahau kwamba Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, humtaka akae angalau mita 91 kutoka kwa dubu na atembee na wenzake wawili au zaidi. Ulinzi huo haumo katika risasi wala katika kopo, na ndio unaozuia sekunde zile mbili zisianze kuhesabiwa.

Kwa mtembeaji wa kawaida katika nchi ya grizli, kwa hiyo, kopo la pilipili lililo wazi kiunoni ni chaguo bora kuliko bastola. Mwenye mazoezi ya miaka anaweza kubeba vyote viwili, akijua atakachodaiwa. Sheria ya Alaska humruhusu mtu kumuua dubu kwa kujitetea, ikiwa hakumchokoza wala hakumvutia kwa chakula kilichoachwa ovyo. Akishamuua, lazima amchune, akabidhi ngozi yenye kucha pamoja na fuvu kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, na aandike maelezo ya tukio. Dubu mkubwa hufikia kilo 300 na zaidi, na barabara huenda iko mwendo wa siku mbili.