Sanduku la Lami Nyuma ya Nuru ya Neoni

Waandikao tarikhi ya taa za neoni aghalabu huisifu nuru, na nuru yenyewe yastahiki sifa. Walakini nyuma ya mabango mekundu na ya samawati yaliyopata kung'aa katika njia kuu za Paris, New York na Las Vegas palifichwa sanduku zito la chuma lililojazwa lami, ambalo lau lisingalikuwapo, mirija ile ya kioo ingalibaki baridi na kiza. Sanduku hilo ndiyo transfoma, na mafundi walijuao kulifungua, kulitibu na kuliunda upya wameihifadhi hikima ambayo vitabu vingi vya tarikhi vimeipita kando.

Gesi ya neoni iligunduliwa mjini London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, katika uchunguzi wao wa hewa iliyofanywa majimaji kwa baridi kali. Ni gesi adimu: katika kila sehemu milioni za hewa, zipatazo 18 tu ndizo neoni. Mfaransa Georges Claude, ambaye biashara yake ilikuwa kutoa oksijeni hewani, alijikuta ana neoni ya masalio isiyo na mnunuzi, naye mwezi wa Desemba 1910, katika maonyesho ya magari kwenye jumba la Grand Palais mjini Paris, akaiwasha hadharani ndani ya mirija mirefu, watu wakastaajabia wekundu wake. Mwaka 1915 alipata hataza ya Marekani kwa elektrodi zake zilizodumu, na katika miaka ya 1920 na 1930 mabango ya namna hiyo yakaenea mijini.

Lakini gesi ina tabia ya ukaidi. Haikubali kupitisha umeme mpaka ishurutishwe kwa maelfu ya volti. Na ikiisha kukubali, ukinzani wake huporomoka ghafula, mkondo ukawa tayari kupanda pasi na kikomo hata vitu viungue. Kukuza volti hakukuwa siri tena zama hizo, kwani Michael Faraday alikwisha kudhihirisha mwaka 1831 jinsi koili moja iamshavyo umeme katika nyingine, na mwaka 1885 Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, wahandisi wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest, waliunda transfoma yenye kiini cha chuma kilichofungamana pande zote. Kazi ngumu iliyosalia ilikuwa kuikuza nguvu na kuitia adabu kwa wakati mmoja.

Ufumbuzi ulikuwa wa ajabu kwa usahili wake. Baina ya koili ipokeayo umeme wa nyumba na koili mbili zitoazo volti kubwa, waundaji walipachika vipande vya mabati membamba ya chuma, wakaacha upenyo mdogo wa hewa. Mkondo uwapo mdogo, nguvu ya sumaku hupita katika kiini chote na kufika kwenye koili za kutolea. Mkondo utakapo kuzidi, sumaku hukimbilia kwenye vipande vile, kama maji ya mfereji yachepushwayo mafuriko yasije yakazamisha shamba, na volti hushuka yenyewe. Kwa sababu hiyo transfoma yenye kutoa volti 15,000 huweza kuzuia mkondo wake usizidi sana miliampea 30, hata ncha zake zikigusana. Kadhalika, makutano ya koili zile mbili hufungwa kwenye sanduku lenyewe lililoungwa na ardhi, hivi kwamba kila upande hubeba nusu tu ya volti zote.

Lami ilimiminwa humo ili kuhami nyaya na kufukuza unyevu, nayo ndiyo ngome ya transfoma na ndiyo taklifu ya mtengenezaji. Miaka ikipita, joto na baridi huipasua. Unyevu hupenya, cheche hupata njia, na njia hiyo huacha mfuo mweusi wa kaboni ambao umeme haukosi kuurudia. Fundi mwenye hadhari hukata umeme kwanza, huziunga ncha na ardhi, kisha hupima ukinzani wa kila koili, madhali mara nyingi moja imekufa na mwenzake yu hai. Hapo ndipo huiondoa lami nje penye upepo, ama kwa joto la taratibu, ama kwa kuigandisha na kuibandua, ama kwa kuilowesha katika mafuta ya taa hata ilainike. Tena hutahadhari na kapasita za kale zikiwamo sandukuni, kwani baadhi zilitiwa mafuta yenye sumu ambayo Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979.

Ikiwa mfuo umepita katika lami peke yake, koili huokolewa kwa kusafishwa na kukaushwa barabara. Ikiwa waya umekatika ndani, hapana budi kusokota upya maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele, kila tabaka ikitengwa kwa karatasi. Kisha kiini hurejeshwa, vikombe vya kauri hukazwa, na sanduku hujazwa mafuta ya kuhami au lami mpya. Wapo waving'oao vile vipande vya chuma ili wapate nguvu zaidi. Hao hubomoa kitu kile kile kilichoifanya transfoma ifae, kwa maana pasipo vizuizi koili huungua na mkono wa mtu huwa hatarini zaidi.

Tangu miaka ya 1980 vifaa vya kielektroniki, vyepesi na vidogo, vimechukua pahala pa masanduku hayo katika kazi nyingi, na mabango yenyewe yamepata makao katika majumba ya makumbusho, kama The Neon Museum ya Las Vegas. Ni jambo jema. Walakini bango lililohifadhiwa kwa kioo chake tu limehifadhiwa nusu. Basi mwenye bango kuukuu asiruhusu sanduku lake kutupwa jalalani kabla ya kupimwa na fundi, na shule za ufundi ziwafunze vijana kulifungua, kwa kuwa humo watasoma kwa mikono yao kwamba kuijua nguvu ni kujua kwanza jinsi ya kuizuia.